Sungura Aliyemchagua Ndugu Yangu

Jumamosi, 23 Novemba

Leo nimenunua sungura. Naandika neno hili kwa soni kidogo, kwa kuwa mtu wa miaka sabini na minane, aliyefundishwa na watawa na kukipiga kinanda cha parokia hii kwa miaka hamsini na minne, hatarajiwi kurudi nyumbani na mnyama wa kuchezewa ndani ya kikapu. Lakini tangu mikono yangu ianze kutetemeka na kinanda kukabidhiwa mtu mwingine, mke wangu Apolonia amekuwa akinihimiza nitafute kazi ya vidole.

"Tafuta kitu cha kushika, mzee," aliniambia juzi, "kabla hujaanza kunipangia sufuria zangu."

Nilikwenda kwa Bibi Genowefa, mjane anayefuga sungura vibete karibu na kituo cha treni. Ni wale wadogo wa manyoya marefu, ambao wafugaji huwaita tedi. Mzima wao hazidi uzito wa kilo moja na nusu. Alinitolea wanne juu ya meza. Mmoja mweupe alikuja mbio kuitafuna kamba ya koti langu, nami nikamnyooshea mkono.

"Usichague kwa macho, Bwana Mpiga Kinanda," akasema Bibi Genowefa. "Wote wana macho mazuri. Chagua kwa vidole."

Akanionyesha. Unayasugua manyoya kati ya kidole gumba na cha shahada: yakiwa laini tupu kama pamba, yatasokotana kila siku na kukutesa wewe na mnyama, yakiwa na nywele chache ngumu ndani yake, yatakuhurumia. Unapuliza mgongoni hadi ngozi ionekane, uone kama ni safi. Unanusa masikio. Unafunua mdomo uone kama meno ya juu yameyafunika ya chini. Unatazama chini ya mkia. Yule mweupe alikuwa pamba tupu. Wa kijivu, jike, alikuwa na manyoya yenye huruma, na nilipomweka mapajani alitulia kimya hadi mikono yangu nayo ikatulia. Nilimchukua huyo. Nilijiambia kwamba ni yeye aliyenichagua.

Wakati ninaondoka Bibi Genowefa alinishika mkono wa koti. "Mchane kila siku ya pili, na kila siku anapopukutisha. Anajilamba, anameza nywele, na sungura hawezi kutapika. Nywele zinatoka tu kama tumbo linatembea, na tumbo linatembezwa na nyasi kavu. Mkate hapana. Biskuti hapana. Hata akikuomba kama malaika."

Nimempa jina la Mufka.

Jumapili, 24 Novemba. Sikukuu ya Kristo Mfalme

Mufka amekula majani ya karoti mkononi mwangu. Apolonia amesema hajaniona nikitabasamu hivyo tangu Pasaka ya mwaka juzi.

Jumanne, 26 Novemba

Ndugu yangu Ludwik amepiga simu kutoka Bytom, mji wa migodi. Kifua chake kimezidi, jiko la nyumba yake linatoa moshi, na daktari amemwambia atafute hewa ya milimani hadi mwisho wa Januari. Apolonia alikubali aje kwetu huku milimani kabla sijaulizwa. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

Nimemchana Mufka kwa nusu saa. Huanzia nyuma ya masikio, kisha chini ya kidevu, kisha makwapani, ambako manyoya husokotana upesi, na kuzunguka mkia mwisho.

Alhamisi, 28 Novemba

Ludwik amefika. Ni mdogo wangu kwa miaka mitatu. Alikwenda kwenye migodi ya makaa ya mawe akiwa kijana na amezeeka huko. Alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Alivua viatu, akavaa ndara zake za manyoya ya kondoo, akachuchumaa karibu na jiko la vigae kama wachuchumaavyo wachimba makaa, makalio juu ya visigino. Hata kiti hakutaka.

"Basi huyu ndiye bibi mdogo wa nyumba hii?" akauliza. "Shemeji, unakubali kuwa na mwenzio?"

"Nakubali," akasema Apolonia. "Huyu hakoromi."

Walicheka wote wawili. Mufka alikuwa mapajani mwangu. Akaruka chini, akanyoosha shingo, akanusa ndara za Ludwik moja baada ya nyingine, kisha akajilaza ubavu juu ya mguu wake, miguu ya nyuma ameitupa upande. Kwangu hajapata kulala hivyo.

"Ni harufu ya kondoo," nikasema.

"Bila shaka, kaka," akasema Ludwik. "Ni kondoo."

Ijumaa, 29 Novemba

Vivyo hivyo.

Jumapili, 1 Desemba. Jumapili ya kwanza ya Majilio

Nimetafakari somo la leo juu ya kukesha. Nimekusudia katika Majilio haya kujinyima sukari katika chai na maneno makali katika kinywa. Sukari nitaiweza.

Baada ya chakula cha mchana nilimkuta Ludwik ameketi sakafuni, Mufka katikati ya miguu yake, kitana changu mkononi mwake. Alikuwa akimchana na kumwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa migodini ambao maneno yake siwezi kuyaandika siku ya Bwana. Apolonia alikuwa akimenya viazi na kuitikia kiitikio. Sikujua kuwa anakijua.

"Kitana hicho ni changu," nikasema.

"Ni cha sungura," akasema Ludwik, lakini alinipa.

Yafaa niandike ukweli, maana daftari halina faida likipambwa. Kabla Apolonia hajawa mke wangu, Ludwik alimsindikiza kutoka kwenye mavuno kwa majira mazima ya kiangazi. Kisha migodi ikamwita, naye akaenda. Nami nilikuwa nimebaki, na nilikuwa na kinanda. Tumeoana miaka hamsini na mitatu. Sijamuuliza hata mara moja kama angemngoja. Nilidhani sina haja.

Jumatano, 4 Desemba. Mtakatifu Barbara

Sikukuu ya wachimba makaa. Ludwik alivaa sare nyeusi na kofia ya manyoya meusi ya jogoo akaenda Misa ya asubuhi, na kanisa zima lilimgeukia. Paroko alimpa mkono mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake, na Paroko alinipa mkono pia.

Alasiri Mufka alikula ncha ya unyoya wa kofia. Apolonia alicheka hadi akajifuta machozi kwa aproni.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo nimefanya jambo dogo.

Katika kabati la stoo yamebaki maboksi mawili ya vikate vya Noeli, mfano wa hostia, masalio ya mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Ilikuwa desturi yetu, wapiga kinanda, kuzunguka na vikate hivi nyumba kwa nyumba wakati wa Majilio, vyeupe kwa ajili ya watu, na vya pinki na kijani kwa ajili ya wanyama, ili usiku wa mkesha wa Noeli ng'ombe na farasi nao wapate sehemu yao. Kila mlango ulinifunguka. Watoto walikimbia mbele yangu wakitangaza kwamba nakuja. Siku hizi kijijini hakuna ng'ombe kumi, na vikate vya rangi hakuna anayeviomba.

Ludwik alikuwa nje akivuta sigara, jambo ambalo daktari amemkataza. Nilivunja kipande cha pinki, si kikubwa kuliko ukucha, nikampa Mufka. Alisimama kwa miguu miwili, akaweka mikono yake kwenye goti langu, akaomba tena. Nikampa tena.

Najua kwamba kikate hutolewa usiku wa mkesha tu. Najua pia alichosema Bibi Genowefa. Lakini kitu hiki ni chembamba kama karatasi ya kitabu cha sala, unga na maji, hakina hata chumvi.

Jumamosi, 7 Desemba

Mufka ameanza kuijua sauti ya bawaba za kabati. Nikifungua tu, anakuja mbio, kucha zikilia juu ya mbao za sakafu. Akiwa na mimi stoo, hana habari kwamba ndara zipo duniani.

Jumapili, 8 Desemba

Vipande vinne.

Jumatatu, 9 Desemba

Theluji ya kwanza iliyokaa. Ludwik amekohoa asubuhi yote, na Apolonia amemchemshia maziwa kwa kitunguu saumu na asali. Mimi nilipokuwa na mafua mwezi Oktoba nilipewa kidonge.

Jumatano, 11 Desemba

Tumetoleana maneno. Nilirudi kutoka Misa ya alfajiri nikamkuta Ludwik anamchana tena Mufka, na sakafuni pana rundo la manyoya kama ngumi.

"Anapukutisha," akasema. "Huku ndani kuna joto, mwili wake haujui ni baridi au kiangazi. Inabidi kila siku sasa, kaka."

"Nafahamu yanayobidi. Sungura nimemnunua mimi."

"Sikusema umemwiba."

"Basi mwachie mwenyewe."

Apolonia akasema kutoka jikoni, "Mwacheni mwenye mikono amchane. Kuna shida gani?"

Mwenye mikono. Hakukusudia ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Nilichukua kitana, nikakitia ndani ya kabati la stoo, nikafunga kwa ufunguo, na ufunguo nikautia mfukoni mwa fulana yangu.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikumchana. Niliogopa mikono ingetetemeka mbele yao.

Ijumaa, 13 Desemba

Sikumchana leo pia. Nimempa kikate kizima cha kijani kwa awamu tatu, stoo, mlango ukiwa umerudishwa.

Ludwik akasema wakati wa chakula cha jioni, "Huyu sungura ana ibada. Kila saa yuko mbele ya kabati lako, kaka. Sijui anasali rozari gani."

Alinitazama muda kidogo zaidi ya kawaida, kisha akarudia supu yake. Apolonia alidhani ni mzaha, akacheka.

Jumapili, 15 Desemba

Ni Jumapili ya furaha, na padre amevaa kanzu ya rangi ya waridi. Nimepokea Komunyo, lakini sikutulia.

Jumatatu, 16 Desemba

Kinyesi cha Mufka kimetoka kimeungana kwa nywele, chembe kwa chembe, kama tasbihi. Nilikifagia kabla hakijaonekana. Mtu aliyesoma kama mimi alipaswa kuona ishara. Niliona, nikafagia.

Jumatano, 18 Desemba

Ludwik alikwenda mjini kwa daktari wa kifua, akachelewa. Mufka aliketi mlangoni mchana kutwa, karibu na ndara. Nilimwita. Nilifungua kabati, bawaba zikalia, akageuza sikio moja tu. Nilimfuata kwa kikate, nikampa pale pale sakafuni, kipande kwa kipande, hadi akachukua. Alikula kimoja na nusu. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi, 19 Desemba

Hakugusa nyasi. Hakutaka hata majani ya karoti.

Ijumaa, 20 Desemba

Nitajaribu kuyapanga mambo ya leo kwa utaratibu wake.

Asubuhi Apolonia alimkuta Mufka amejikunyata kwenye pembe nyuma ya jiko, mgongo juu, macho yamefumba nusu. Hakukuwa na kinyesi hata chembe moja katika sanduku lake. Nilipomsogelea nilisikia mlio mdogo kama wa kusaga changarawe. Alikuwa akisaga meno.

"Hayo ni maumivu," akasema Ludwik. "Tusingoje."

Tulikwenda sote watatu kwa gari la jirani hadi kwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana aitwaye Jagoda. Alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili, akamsikiliza kwa muda mrefu. Alisema tumbo limesimama: ndani kuna donge la nywele na kitu kama unga ulioganda, na utumbo hausukumi. Alimdunga dawa ya maumivu, dawa ya kuamsha utumbo, na maji chini ya ngozi, hadi pakavimba kama nundu. Kisha akainua kichwa.

"Mnamchana mara ngapi?"

Alimpapasa makwapani, palipokuwa pamesokotana.

"Na amekuwa akila nini zaidi ya nyasi? Mkate? Biskuti? Hapa kuna wanga mwingi."

Apolonia aligeuka. Hakunigeukia mimi. Ludwik huwa na biskuti mfukoni kila siku, kwa ajili ya dawa zake ambazo hazinywewi na tumbo tupu, na makombo yake yamejaa kila anapochuchumaa.

"Ludwik," akasema. "Ni zile biskuti zako."

Nilikuwa nimesimama kati ya mizani na mlango. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko wa fulana, juu ya ufunguo. Ludwik alinitazama. Macho yake yamezungukwa na mistari myeusi ya vumbi la makaa ambalo halitoki tena, na sijawahi kutazamwa kwa utulivu namna ile. Nilikuwa na nafasi ya kuhesabu hadi tano, pengine hadi kumi.

"Huenda," akasema Ludwik. "Huenda makombo yameanguka."

Nami nikanyamaza.

Garini Apolonia alisema maneno mengi. Alisema watu huambiwa na bado hawasikii. Alisema, "Mtu mzima, Ludwik. Mtu mzima anamwua mnyama wa kaka yake kwa uzembe, na huyu mzee hana kingine cha kushika." Alikuwa amenishika mkono wakati akisema hayo. Ludwik alitazama theluji dirishani.

Tulipofika nyumbani Apolonia alimkataza Ludwik kumgusa Mufka.

Jumamosi, 21 Desemba

Kila saa tatu namlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uji wa nyasi zilizosagwa, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, kisha namsugua tumbo kwa duara. Mikono inatetemeka, lakini inatosha. Anavumilia. Halisogelei jiko wala ndara. Ni wangu mchana kutwa.

Hiki ndicho nilichokitaka, na nimepewa.

Jumapili, 22 Desemba

Ludwik anakaa chumbani mwake. Nasikia kikohozi kupitia ukutani.

Jumatatu, 23 Desemba

Saa nne asubuhi Mufka alitoa chembe mbili za kinyesi, ndogo, ngumu, zimevikwa nywele. Apolonia alilia. Nilikwenda kugonga mlango wa Ludwik, nikamwambia, "Ametoa." Akasema, "Mungu ashukuriwe," naye si mtu wa kusema hivyo. Nilibaki pale mlangoni. Nilitaka kumwambia na habari ya kabati. Apolonia aliita kwamba uji unapoa, nikaondoka.

Jumanne, 24 Desemba. Mkesha wa Noeli

Apolonia alichota nyasi kutoka sanduku la Mufka akazitandaza chini ya kitambaa cha meza, kwa kumbukumbu ya hori. Tuliweka sahani ya nne kwa mgeni asiyetarajiwa. Nyota ya kwanza ilipoonekana, nilisoma Injili ya Luka kama kila mwaka, kisha nikachukua kikate cheupe.

Anayesoma haya anaijua desturi. Kila mmoja humvunjia mwenzake kipande, humwomba msamaha kwa ya mwaka mzima, humtakia heri, na hula. Hakuna anayekaa kula samaki na moyo uliofungwa. Nimewafundisha watoto wa katekisimu jambo hili kwa miaka mingi, na niliwaambia kwamba kipande hicho kikimezwa pamoja na uongo huwa kizito kuliko jiwe. Sasa naweza kuwaambia kwamba si kweli. Kinayeyuka vilevile.

Apolonia alimvunjia Ludwik. "Nisamehe kwa ukali," akasema, "ingawa ulistahili."

"Nilistahili, shemeji."

Kisha zamu yangu. Tulisimama uso kwa uso, wazee wawili wenye pua moja. Kikate kilivunjika mkononi mwangu kabla hajakigusa.

"Nakutakia afya," nikasema. "Kifua kipone."

Alingoja. Aliona kwamba nimemaliza.

"Nami nakutakia upate unachokitaka, kaka," akasema, akala.

Jumatano, 25 Desemba. Noeli

Mufka amekula nyasi mwenyewe, amezivuta kutoka chini ya kitambaa cha meza.

Alhamisi, 26 Desemba. Mtakatifu Stefano

Ludwik ameondoka kwa treni ya saa tano. Alisema jirani amemtengenezea jiko. Hakuna jirani aliyepiga simu. Apolonia alimfungia keki ya mbegu za popi na mtungi wa supu, akamsindikiza hadi ngazi za nje, si zaidi.

"Mwezi Januari hata haujaanza," akamwambia. "Daktari alisema Januari."

"Daktari hakusema nikae mahali ninapoua mifugo, shemeji."

Alisema kwa mzaha. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 27 Desemba

Mufka amelala mchana kutwa mahali palipokuwa na ndara. Nilitoa kitana kabatini, nikaketi kitini, nikamwinua, nikamchana. Alinivumilia kama alivyovumilia bomba. Nilipomwachia alirudi palepale.

Nyumba imetulia. Nimebaki na mke wangu, na sungura wangu, na jina langu jema.

Jumamosi, 28 Desemba. Watoto Mashahidi

Nilikwenda kuungama. Paroko alinisikiliza, akaniondolea dhambi, akanipa zaburi moja. Lakini mimi nilisoma kwa watawa, na najua kwamba aliyeiba heshima ya mtu harudishi kwa zaburi. Hurudisha pale alipoiba. Nilitembea kutoka kanisani hadi nyumbani bila kofia kichwani, nikiwa nimeishika, wala sikujua.

Apolonia alikuwa akipiga pasi. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, kwa maana nilijua kwamba nikiketi sitasema.

"Hazikuwa biskuti. Vilikuwa vikate vya rangi, nami ndiye niliyempa. Tangu tarehe tano, kila siku. Na kitana nilikificha."

Aliiweka pasi wima. "Rudia."

Nilirudia.

"Na kwa daktari ulisimama pale."

"Nilisimama."

"Na mkesha. Na kikate mkononi." Alikaa juu ya kikapu cha nguo, jambo ambalo hajapata kulifanya. "Kwa nini, Hieronim? Sungura? Wazee wawili mnagombea sungura?"

Nikamwambia kuhusu majira yale ya mavuno. Nilimwambia kwa maneno machache, nikitazama theluji inayoyeyuka viatuni mwangu. Alichomoa waya wa pasi ukutani.

"Miaka hamsini na mitatu," akasema mwishowe, "na hukuniuliza. Ningekujibu kwa neno moja. Sasa sitakujibu. Hiyo ndiyo adhabu yako, ichukue." Akainuka, akatoa koti langu zito kwenye kulabu, akanirushia. "Treni ya mwisho ya leo imeondoka. Kesho kuna ya saa moja asubuhi baada ya Misa. Usirudi hapa bila yeye. Sitafungua."

Jumapili, 29 Desemba. Familia Takatifu

Muda wa saa tano njiani, nikabadili treni mara mbili. Nyumba ya Ludwik iko ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo migodi imeliinamisha, hata chai kikombeni husimama mshazari. Ndani palinuka moshi. Jiko halikuwa limetengenezwa na mtu. Alikuwa amevaa koti na ndara.

"Amekufa?" akauliza aliponiona.

"Hajafa. Anakula."

"Basi umefuata nini?"

Nilisema niliyoyasema kwa Apolonia, na kwamba nimeshamwambia yeye kwanza. Ludwik alichuchumaa mbele ya jiko akachochea, akakohoa, akachochea tena.

"Nilikuona tarehe tano," akasema. "Nilikuwa nje ya dirisha la stoo na sigara yangu. Nilidhani, mwache. Mtu aliyefunguliwa milango yote ya kijiji kwa vikate hivyo, sasa anafunguliwa na sungura tu. Sikujua kwamba unampa vingi namna ile."

"Lakini kwa daktari ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?" Hakugeuka. "Kwamba si mimi, ni yeye? Apolonia angekuamini wewe, kaka. Unadhani sijajaribu maishani? Siku ile kabla sijapanda treni ya kwenda migodini nilimwambia asikuamini kila kitu unachosema, kwa sababu unasema vizuri mno. Akaniambia, 'Mimi namwamini.' Hivyo tu. Nimekaa na maneno hayo chini ya ardhi miaka thelathini na minne." Akafunga mlango wa jiko. "Nawe unakuja kunionea wivu kwa ajili ya sungura. Huyo anakuja kwangu kwa sababu ninakaa chini, na wewe unamshukia kutoka juu kama mwewe. Hakuna siri nyingine."

Niliketi juu ya kitanda chake, na kitanda nacho kilikuwa mshazari.

"Fungasha vitu vyako," nikasema. "Apolonia amesema nisirudi bila wewe. Hatanifungulia."

Mkono wake uliokuwa na kichocheo ulisimama.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Maneno yenyewe yalikuwaje?"

Alikuwa ameinua uso, uso wa mzee mwenye masizi, akingoja kwa namna ambayo niliitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo niliyoiona kiooni asubuhi zote za Majilio nilipokuwa nikinyoa ndevu. Ilinipitia nia ya kupunguza. Ningeweza kusema kwamba ametuma salamu tu.

Nilishuka kitandani, nikajaribu kuchuchumaa kama yeye, magoti yakakataa, nikaketi sakafuni. Nikamrudishia maneno ya mke wangu yote, polepole, moja baada ya jingine, nisibakize hata moja.